Linki za Outlook zinafungukia Edge, mimi nataka Firefox

DadaWaMarangu:
Wakuu, habari za kazi. Nipo ofisi ya utalii hapa Moshi. Kompyuta ni Windows 11, barua pepe nasomea Outlook, ile ya zamani yenye neno File kule juu kushoto. Brauza yangu ni Firefox. Humo ndimo zilimo pasiwedi za lodge zote. Nimeshaiweka kuwa brauza kuu, na nikibonyeza linki iliyo kwenye PDF au WhatsApp ya kompyuta, inafungukia Firefox vizuri tu. Ila linki ikiwa ndani ya barua pepe, inafungukia Edge, na barua yenyewe inajibandika pembeni.

Zinazoniumiza kichwa ni linki za kuthibitisha. Naanza kuingia kwenye mfumo wa lodge kwa Firefox, natumiwa linki ya kuhakikisha kuwa ni mimi, naibonyeza, naingia kwa Edge! Firefox bado inasubiri, na linki ile haitumiki mara ya pili. Huku mgeni yuko hewani anauliza chumba kipo au hakipo. Kwa sasa nazinakili na kuzibandika moja moja, na Julai hii wageni ndio wanamiminika. Nifanyeje?

Kipanga_77:
Futa Edge dada, kazi imeisha.

FundiNgamiani:
Asihangaike kuifuta, Edge haina kosa hapa.

Dada, mipangilio iko sehemu mbili, na wewe umegusa moja. Windows ina wake. Outlook nayo ina wake, uliokuja 2023, na usipouchagulia kitu inapeleka linki Edge hata kama Windows inasema Firefox. Ndiyo maana PDF inatii na barua pepe haitii.

Fungua Outlook, bonyeza File, kisha Options, kisha Advanced. Shuka mpaka uone Link Handling. Kuna kisanduku cha kuchagua, kimeandikwa Microsoft Edge; kibadilishe kiwe Default Browser, ubonyeze OK.

Ukiwa hapo hapo, hakiki na upande wa Windows: Settings, Apps, Default apps, chagua Firefox. Tazama HTTP na HTTPS zote mbili zina jina la Firefox. Linki nyingi siku hizi zinaanza na https, kwa hiyo hiyo ikibaki kwa mwingine utaona mambo nusu nusu. Hizo .htm na .html utakazoziona kwenye orodha hiyo ni za mafaili yaliyomo kwenye kompyuta, hazihusiani na barua pepe.

BintiMnazi:
Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Barua za watu nisiowajua sizifungulii brauza yenye akaunti zangu hata siku moja. Ofisi za utalii zinapokea "ankara" nyingi za matapeli. Linki ya kutilia shaka, bora usiibonyeze kabisa. Ikibidi, inakili uipeleke kwenye brauza ambayo hujaingia popote. Kwa hiyo hiyo Edge usiichukie, ina kazi yake.

DadaWaMarangu:
Fundi, Mungu akubariki! Link Handling nimeiona, nimebadilisha, linki ya lodge imefungukia Firefox na nimeingia moja kwa moja. BintiMnazi, nimekusikia, hizo ankara tunazipata kweli.

Sasa simu. Ni Android, natumia Gmail, na linki zinafungukia humo humo ndani ya Gmail. Halafu kompyuta ya bosi nimeifuata njia ile ile, kile kisanduku kimefifia, hakibonyezeki.

FundiNgamiani:
Simu: ndani ya Gmail bonyeza ile mistari mitatu, shuka Settings, General settings, toa tiki kwenye Open web links in Gmail. Kisha kwenye mipangilio ya simu yenyewe, chagua Firefox kuwa brauza kuu. Linki ikikimbilia programu ya kubuku badala ya brauza, kandamiza alama ya programu hiyo, ingia App info, halafu Open by default, uzime. Mwenye iPhone hapo ofisini aingie Settings ya Gmail, atafute Default apps, achague brauza anayoitaka.

Ya bosi, kikififia namna hiyo mara nyingi kimefungwa na msimamizi wa akaunti za ofisi. Mpigie anayewasimamia kompyuta, mwambie sera ya linki za Outlook iwe Default Browser. Wewe hapo huwezi kuifungua hata ukeshe.

Kipanga_77:
Kumbe. Na mimi naenda kuitafuta hiyo Link Handling.