Maswali ya "chagua yote yanayofaa" katika NCLEX: kupima kila jibu peke yake, au kuchagua yale ya uhakika tu?

MuuguziSoweto (Moshi): Habari za jioni, ndugu wauguzi. Ninajiandaa kwa mtihani wa leseni ya Marekani, NCLEX-RN, huku nikiendelea na zamu za usiku, na kinachonirudisha nyuma ni maswali ya kuchagua majibu yote yanayofaa. Mwenzangu ninayesoma naye huchagua yale tu ambayo yuko tayari kuyaapia. Mimi huyalinganisha majibu, hili na lile, kama katika swali la jibu moja. Njia ipi inafaa zaidi?

DadaNjiro (Arusha): Uniwie radhi, mdogo wangu, lakini njia yako ndiyo dhaifu zaidi. Katika maswali haya majibu hayashindani. Kila moja ni swali dogo la ndiyo au hapana. Chukua mgonjwa anayetumia digoksini, dawa ya moyo, ukaulizwa dalili za dawa hiyo kuzidi mwilini: kichefuchefu, kuona vitu vikiwa na rangi ya njano, mapigo ya moyo 46 kwa dakika, kikohozi kikavu, fizi kuvimba. Ukilinganisha, utaanza kujiuliza kipi kinazidi kipi. Ukipima moja moja, utakumbuka kwamba kikohozi kikavu ni cha kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu, na fizi ni za fenitoini, dawa ya kifafa, na matatu ya kwanza yatabaki yenyewe.

MkungaMajengo (Moshi): Naafiki, ila tutazame pia alama zinavyotolewa. Tangu tarehe 1 Aprili 2023, kila jibu sahihi unalochagua linaongeza alama 1, lisilo sahihi linaondoa 1, na swali halishuki chini ya sifuri. Katika mfano wa dada, anayeishia kwenye mawili ya uhakika anapata 2. Anayeongeza la tatu pamoja na kikohozi anapata 2 vilevile. Anayezoa yote matano anaambulia 1. Zamani kosa moja lilipoteza swali zima, na vitabu chakavu tunavyopitishiana bado vinafundisha hivyo. Kimoja kilinipotezea miezi miwili.

MuuguziSoweto: Shukrani. Je, jibu ambalo nina shaka nalo?

MkungaMajengo: Ukiona uwezekano wa kuwa sahihi unazidi nusu, lichague, ukiwa chini ya nusu, liache. Swali likitaja idadi, kwa mfano "chagua matatu", kosa halikatwi alama, hivyo timiza idadi hiyo hata kwa kubahatisha.

DadaNjiro: Usikwame hapo muda mrefu. Saa 5 zimewekwa kwa maswali 85 hadi 150, yaani ukifika mwisho una dakika 2 kwa kila moja, na swali ulilokwisha kulijibu hulirudii.

MuuguziSoweto: Leo nimejaribu kwa kufunika majibu kwa rula, nikishusha mstari mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza nimeacha kutafuta "majibu mangapi" na nikamsoma mgonjwa.

DadaNjiro: Vizuri, ila rula huingii nayo. Utapewa ubao mdogo wa kufutika: andika 1 hadi 5 kwa wima, weka vema au mkasi mbele ya kila namba, ndipo uguse kompyuta. Anza kuzoea hivyo kuanzia kesho.