Naomba ushauri: wakurugenzi watano kwenye kura moja

Wakuu, habari za kazi. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa imewaletea wanahisa, kwa ajili ya mkutano wao mkuu, azimio moja la kuwachagua tena wakurugenzi watano kwa mpigo. Mmoja wao ni mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi, na maelezo ya hesabu (kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 24 kinadai mambo haya yatajwe) yanaonyesha kampuni inanunua huduma kwenye biashara yake binafsi. Atakaguaje malipo yanayoishia mfukoni mwake? Kinachouma ni kwamba ukimkataa yeye, unawaangusha na wanne wasio na kosa.

Ombi la kutenganisha majina tumwandikie katibu wa kampuni sasa, au tulitoe kama hoja ukumbini? Naona barua ni bora, kwani siku ya mkutano wengi wameshajaza fomu za uwakilishi (za kumtuma mtu akupigie kura) kwa azimio lile lile moja.

Lililo zito zaidi ni upigaji kura wenyewe. Kwa kunyoosha mikono, mwenye hisa 10 na mwenye milioni 1 wote ni mkono mmoja, na uzito wa hisa zilizo nyuma ya fomu hauonekani kabisa. Katiba ya kampuni inaruhusu wanahisa 5 kudai kura ihesabiwe kwa hisa. Tudai mapema kwa maandishi, au tusubiri mikono ihesabiwe, kabla mwenyekiti hajatangaza matokeo?

Pia, fomu zinapokelewa mwisho saa 48 kabla ya mkutano. Wenye hisa zilizoandikishwa kwa jina la benki mtunzaji (benki inayowashikia hisa hizo) huanza lini kutuma maelekezo yao ili yasichelewe?

Mwenye mfano wa barua ya namna hii, tafadhali auweke hapa.