Mrejesho: filamu yetu na kina mama wakaushaji dagaa wa Kibirizi

Ndugu zangu, nilipowauliza jinsi ya kuwashirikisha kina mama wakaushaji dagaa wa Kibirizi, hapa Kigoma, katika filamu ya somo letu la chuo bila kuwafanya watu wa kutazamwa tu, wengi mlinishauri nikae nao kwanza kabla ya kuwasha kamera. Nawashukuru kwa dhati, kwa kuwa ushauri huo ndio uliobadilisha kazi nzima.

Wiki 2 za mwanzo tuligeuza dagaa nao, tukajifunza kwamba wanaoanikwa chini hushika mchanga na kushuka bei, ilhali wa kwenye kichanja hukauka upesi kwa sababu hewa hupita juu na chini. Sisi tulikuwa tumepanga kupiga picha za mchangani kwa kuwa zinapendeza. Kina mama walikataa kata kata, na hoja yao ilikuwa na uzito.

Kuhusu ridhaa, tuliisoma fomu kwa sauti kwa kila mmoja, tukieleza kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamruhusu mtu kuiondoa ridhaa yake. Mama mmoja aliiondoa baada ya kujiona kwenye rasimu, nasi tukamtoa.

Kinachoniuma ni ratiba ya muhula, ambayo haifuati mwezi: wavuvi huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka vichanja hubaki vitupu. Tumeomba wiki 3 za nyongeza, na nakala ya kwanza itakabidhiwa kwa kikundi chao kabla ya mwalimu kuisahihisha.