Tupeane uzoefu: vazi au pambo lililokutangaza kabla hujafungua mdomo

MtuWaNgamiani
Wakuu salaam. Nauza kanga hapa Tanga mjini, meza nimeirithi kwa mama. Wateja wangu wengi hawaanzi na rangi. Mwanamke anavuta doti, anaikunjua mpaka alifikie jina, analisoma, ndipo aangalie mji wa katikati, pindo na bei. Akisoma "Wema hauozi" anamkumbuka mama mkwe. Akisoma "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" anacheka peke yake, nami najua mtaani kwake kunawaka.

Kuna dada alinunua "Japo sipati tamaa sikati". Jioni ileile akaja jirani yake kuniuliza kanga ile nimemuuzia nani, na kama ninalo jibu lake dukani. Nikampa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Biashara ni biashara.

Sasa nataka kusikia kwenu. Nguo gani au pambo gani liliwahi kukusemea, kwa heri au kwa shari? Si lazima kanga. Kofia, chale, nywele, hereni, chochote. Matusi hapana.

BintiWaNgambo
Nitasimulia ya kwetu Unguja, niliyoipata kwa bibi, naye kaipata kwa mamake.

Bibi yake bibi alikuwa mtumwa wa shamba. Watumwa walivaa merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyokuja na meli za Marekani, au kaniki, yaani merikani iliyotiwa nili mpaka ikawa nyeusi. Kichwa wazi, miguu mitupu. Mabibi wa mjini ndio waliojifunika kwa ukaya, yaani shela ya kichwani, na barakoa ya usoni, na mtumwa hakuthubutu kujifunika kama bibi yake, wala mtumwa mwanamume kuvaa viatu na kofia mbele ya bwana wake. Ukimwona mtu kwa mbali tu ushajua ni wa nani.

Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, kwetu wanasema jambo la kwanza alilofanya bibi yule halikuwa kuhama shamba. Alinunua kanga. Kuhama kulikuja baadaye, akahamia Ng'ambo, upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe, walikojaa watu wa hali yake. Binti yake akasogea hatua nyingine, akavaa buibui. Likishavaliwa, nani atajua babu yako alikuwa akichuma karafuu za nani?

Ndiyo maana mtu akiniambia buibui ni dini tu, namwitikia kwa heshima, lakini moyoni najua halikuwa dini peke yake. Kwa bibi zetu lilikuwa pia hati ya uungwana. Na mpaka bibi anafariki, kaniki haikuingia nyumbani mwake, hata ya kudekia.

MtuWaNgamiani
Binti, sisi dukani hatuyajui haya. Na wazee wanaoijua kaniki bado wanaiulizia, kwa ajili ya waganga.

Mjukuu_wa_Newala
Kwetu Makonde hukuhitaji nguo, ulisomeka usoni. Bibi yangu ana nembo: mistari ya pembepembe mashavuni na kwenye paji la uso. Alichanjwa akiwa msichana, majeraha yakasuguliwa mkaa ili rangi ibaki. Mdomo wa juu una tundu la ndonya, kile kipande cha pambo cha mdomoni, ingawa ndonya yenyewe aliiacha zamani.

Alipomfuata babu kwenye mashamba ya mkonge, watoto wa huko walikuwa wakimkimbia njiani. Kijijini kwake, anasema, aliyechekwa ni yule mwenye uso mtupu. Yeye mwenyewe hakuwa mbaya wala mzuri, uso ni uleule, kilichobadilika ni macho ya wanaoutazama. Wanawe hakuna hata mmoja aliyechanjwa.

Mimi nina tatuu ya kipepeo begani. Siku alipoiona aliitazama kwa muda, akauliza, "Hii ya ukoo gani?" Nikamwambia haina ukoo, pambo tu bibi. Akasema, "Basi umeumia bure."

JaKisumu
Hahaha, bibi hana mchezo! Babu yangu naye hakuwa na meno sita ya chini. Yaling'olewa akiwa kijana, ndivyo Wajaluo walivyokuwa wakimtia mtu utu uzima. Daktari wa meno mjini akajitolea kumtengenezea ya bandia. Mzee alinuna safari nzima ya kurudi nyumbani. Kwani yeye mtoto?

MzeeWaMagomeni
Nyie mnasimulia ya bibi zenu, mimi nasimulia niliyoyaona. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, Dar es Salaam ikawa marufuku kuonekana na sketi fupi, wigi, suruali ya kubana au uso uliochubuliwa kwa krimu. Hata tarehe yenyewe haijafika, vijana walishaanza kuwavizia akina dada Kariakoo na kwenye mabasi, wakiwachania nguo mchana kweupe.

Dada yangu alikuwa karani mjini. Akitoka nyumbani amejifunga kanga juu ya sketi, akifika ofisini anaifungua, anaikunja, anaitia mkobani. Wenye operesheni walisema sketi ile ni utumwa wa kikoloni. Kwake yeye ilikuwa mshahara wake. Ilisema huyu ana kazi, ana mashine ya kuchapa, haombi mtu hela ya sabuni. Naamini hilo ndilo lililowakera zaidi kuliko magoti.

Sasa sikilizeni kioja. Miaka hiyohiyo, kule Arusha Wamasai walikuwa wakiambiwa waache lubega na kujipaka udongo mwekundu, wavae suruali, na mabasi yakakatazwa kuwapakia wakiwa na mavazi yao. Mmoja anaandamwa kwa kumwiga Mzungu, mwingine kwa kutomwiga! Leo nenda uwanja wowote wa ndege, Mmasai na shuka lake ndiye aliyebandikwa ukutani kuwaita watalii.

Mlushwa
Jambo yenu. Mzee kanikumbusha baba, mwalimu kule Lubumbashi. Rais Mobutu alipokataza suti na kravati mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanaume wakavaa abakosti, koti lisilotaka shati wala kravati. Baba akazilaza kravati zake chini ya valizi, hakuzitupa. Aprili 1990 Mobutu akatangaza vyama vingi, na katika hotuba ileile akasema kravati ruksa. Baba akaingia darasani na kravati pana ya maua, ya mtindo uliokwisha kitambo. Wanafunzi walipiga makofi mpaka mkurugenzi akaja kuchungulia. Mama alikuwa na kikwembe chake, kitenge mnavyoita nyie, kabla, wakati ule, na baada.

MtuWaMaskati
Mimi mzaliwa wa Unguja, naishi Maskati. Dishdasha ya huku ina kishada kidogo shingoni, furakha, kinachotiwa manukato. Kanzu yetu haina. Na kofia zao kilele chake kimeviringa kidogo, ya kwetu ya kiua, ile ya kudariziwa vitundu, iko bapa. Mgeni hawezi kutofautisha.

Nilipokuwa bado mgeni mji huu niliingia msikitini na kofia yangu ya nyumbani. Mzee mmoja akaniambia, "Hujambo mwanangu, wa Malindi au wa Vuga?" Mitaa ya kwetu Unguja hiyo, nami sijasema hata neno! Kofia ndiyo iliyonitaja. Kule Unguja nilikuwa nikiitwa Mwarabu, huku wananiita Zinjibari, basi kofia ndiyo pekee iliyonipatia jina sahihi. Kazini nafunga kilemba kama wenzangu. Ya kiua naivaa Ijumaa, nikiwa na hamu ya kusemeshwa Kiswahili.

Mama_Kamati
Nyie wote mna historia, mimi nina madeni. Harusi moja: sare ya kitchen party, sare ya send-off, sare ya ukumbini, na kila moja lazima kitambaa kilekile alichochagua mwenyekiti, mshono wake mtajua wenyewe. Ukitokea na gauni lako, hata liwe zuri vipi, unakaa meza ya nyuma na pilau inakufikia imepoa. Upande wa bwana harusi wanahesabu: wenye sare ni ndugu, wasio nayo ni wapita njia. Mamangu mdogo alikosa hela ya sare ya bintiye wa kaka, akaleta shada la maua kubwa ili tusimwone aliyelishika. Tulimwona.

BintiWaNgambo
Mama_Kamati, hiyo ya shada imeniuma. Kwa nini kamati isitafute doti moja ya bei nafuu kila mtu aimudu?

Mama_Kamati
Nilipendekeza hivyohivyo kwenye kikao. Mwenyekiti akauliza kama tunazika au tunaoza.

MtuWaNgamiani
Mama_Kamati, mkiamua njoo PM, doti ishirini kwenda juu napunguza bei. Na nakuchagulia jina la kumjibu mwenyekiti. Watu wa Lamu na kofia zenu za vito, mbona kimya?