Tupeane uzoefu: kukata kidonge cha nguvu za kiume nusu bila kukiharibu

Shangani_Mtwara
Wakuu, tuanze na hesabu, maana hapo ndipo watu wanapopotea. Sildenafili, dawa iliyomo kwenye Viagra, ipo ya miligramu 25, 50 na 100. Tadalafili, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, ipo ya 2.5, 5, 10 na 20. Cha 100 mara nyingi hakifiki bei ya vya 50 viwili, ndiyo maana mtu anachukua kikubwa akakate nyumbani. Ila kumbukeni, 25 ndiyo dozi ya kuanzia kwa mzee aliyevuka miaka 65 na kwa mwenye ini au figo iliyochoka sana. Kwake cha 50 kikikatwa katikati kinatosha. Wenye mbinu karibuni.

Dozi_Masasi
Kisu cha jikoni wekeni pembeni. Kinaponda kabla ya kukata, unabaki na nusu moja na unga. Ulizia famasi kikata vidonge, kile kiboksi cha plastiki chenye wembe kwenye kifuniko.

Nawa, mikono ikauke kabisa. Kile cha buluu chenye umbo la almasi, yaani Viagra, hakina mstari wa kukatia, kwa hiyo ncha yake isukume kwenye pembe ya kishikio mpaka kiguse kuta zote mbili. Chungulia kwa juu: wembe uangukie katikati, ukate upana, si urefu. Funika kwa nguvu, mara moja. Ukisitasita kinageuka, unapata 60 kwa 40. Hujaharibu kitu: anza na kipande kidogo, kikubwa kikae mpaka siku nyingine.

Halafu futa ule unga. Kiboksi hicho kisikatie dawa za moyo za babu.

Newala_juu
Cha 100 nikikikata robo si napata 25 nne?

Dozi_Masasi
Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye kiboksi, hapana mkuu. Mkato wa pili unapita kwenye nusu ambayo ganda lake limeshafunguka, kona zinamomonyoka, na robo mbili hazilingani. Ukitaka 25, nunua cha 50.

Nachingwea_kwetu
Niongeze: kapsuli, jeli na vile vya kuyeyuka mdomoni havikatwi.

Kilwa_Masoko
Na msikate kumi kwa mpigo. Ganda likishakatika, unyevu unaingia, na masika yetu ya Desemba hadi Aprili mnayajua. Kata kimoja, tumia nusu, nusu ya pili iwe kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko cha kubana, umeandika jina na miligramu. Chini ya siti ya bodaboda si stoo ya dawa. Nusu ikianza kubadilika rangi au kulainika, tupa.

Wa supu ya pweza kunyweni tu. Ila mchuzi mzito wa nazi unachelewesha sildenafili, usije ukalaumu nusu dozi. Tadalafili haijali chakula.

Mikindani_bandarini
Nusu si ruhusa jamani. Anayetumia dawa za moyo kama nitrogliserini ya chini ya ulimi au isosobaidi asiguse hata robo, presha inaweza kuporomoka ghafla. Mwenye ARV zenye ritonavir, sildenafili isizidi 25 ndani ya saa 48, tena kwa idhini ya daktari. Wa tamsulosini ya tezi dume naye aongee na daktari kwanza. Na lile vumbi la Kongo, unga wa nguvu za kiume wa mitaani, nusu ya kitu usichojua kilichomo bado hukijui.

Shangani_Mtwara
Nusu ya kwanza ikigoma usiku huo, mtu aongeze ya pili?

Mikindani_bandarini
Hapana. Sildenafili ni mara moja kwa saa 24, imezwe saa nzima kabla, na bila hamu haifanyi kitu. Tadalafili inafanya kazi hadi saa 36, ukiongeza unalimbikiza. Uume ukisimama zaidi ya saa 4, nenda hospitali ya Ligula kama uko Mtwara, au Sokoine kama uko Lindi, usiku huohuo, na kipande kilichobaki uende nacho.