Risiva ya zamani inaipiku mpya, au masikio yangu yananidanganya?

SikioRefu: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nimerithi risiva (amplifaya yenye redio ndani) ya mzee, Marantz 2270 ile ya miaka ya 70, wati 70 kila upande, na sebuleni nina mpya ya chaneli 7 yenye HDMI, Dolby Atmos na makorokoro yote. Jana nikahamishia spika zilezile kwenye ya mzee, muziki uleule, weee! Sauti imeshiba, besi inagonga kifuani. Sasa hii mpya niuze? Ila ya mzee ukizungusha sauti inakwaruza.

FundiSolda: Cheki kitufe cha Loudness kama kimebonyezwa, kile kinapandisha besi ukisikiliza kwa sauti ya chini na watu wanakisifia bila kujua. Pia ulisawazisha sauti ya zote mbili? Moja ikizidi kidogo tu sikio linaiona ndo nzuri. Kukwaruza ni uchafu kwenye potentiometa, yaani kile kidude kilicho nyuma ya kitufe cha kuzungushia sauti, dawa ya kupuliza inatosha. Mimi naogopa kapasita (vile vidude vya ndani vinavyohifadhi umeme), zina miaka 50 zinakauka, ukisikia mvumo hata sauti ikiwa sifuri zima upeleke kwa fundi. Usifungue mwenyewe, hata ukichomoa waya, kapasita kubwa zinabaki na umeme!!

Kaseti90: Fundi sawa, ila za zamani msizidharau. Zile wati zilikuwa wati kweli, Marekani 1974 waliweka sheria watengenezaji wataje wati za mfululizo, sio za kulipuka mara moja, ndo ukaja kuona Pioneer SX-1250 ya 1976 wati 160 kila upande, transfoma kama jiwe la kusagia. Leo boksi linakwambia wati 100, soma maandishi madogo sasa, zimepimwa chaneli 2 tu, washa zote 7 uone zinavyonywea.

BiMkorofi: Usiuze bana, filamu utaangaliaje? Kama mpya ina pre-out (tundu la kutolea sauti kwenda amplifaya nyingine) chomeka kwenye AUX ya mzee, ya mzee ndo iendeshe spika mbili za mbele, ugomvi umeisha. Halafu ukiwa na hela ya ziada badili spika, hapo ndo utasikia tofauti yenyewe.

SikioRefu: Nimerudi wakuu. Loudness ilikuwa imebonyezwa 🤦 Nimeizima, mpya nikaweka Pure Direct (sauti ipite bila kuongezewa chochote), nikasawazisha kwa app ya desibeli kwenye simu, wife akawa anabadilisha waya mimi nimegeukia ukutani nakisia ipi inapiga. Mara 10 nimepatia 6, yaani nabahatisha tu. Ya mzee inaenda kwa fundi, ikirudi itapiga santuri.

Kaseti90: Hizo 6 mimi nazihesabu ushindi 😂