Kitabu kwanza au muvi kwanza? Wasomaji wa Kigoma na Tabora tupeane uzoefu

MwishoWaReli (Mwanga, Kigoma)
Wakuu salaam. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa, jamaa mmoja kashikilia kwamba ukishaona muvi huna haja ya kitabu maana stori ni ileile. Nikamwambia wewe kitabu hujakigusa. Sasa mliosoma na mkaona, leteni yenu, mi nafungua.

Yangu ni The African Queen, na hii watu wa Kigoma inatuhusu moja kwa moja. Riwaya kaandika C.S. Forester 1935, muvi kaitoa John Huston 1951, steringi Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, Bogart akabeba na Oscar. Ni vita ya kwanza ya dunia, dada wa misheni na fundi wa kaboti kachakavu wanashuka mto wakalipue meli ya Mjerumani ziwani kwa mabomu ya kuungaunga wenyewe. Hiyo meli mwandishi kaitoa kwenye Liemba yetu hii hii, meli ya Ziwa Tanganyika, enzi hizo inaitwa Graf von Götzen.

Mi nilianza na muvi. Mwisho wake mtamu balaa, wameshakamatwa, kitanzi kiko tayari, wanaomba wafungishwe ndoa kwanza, kapteni anawafungisha harakaharaka, mara meli inaparamia kile kaboti kilichopinduka na mabomu yake, puu! Bibi na bwana harusi wanaogelea zao. Nikaja kupata kitabu nikawa nasubiri hapo kwenye ndoa, weee, kaboti kinazama kwenye dhoruba bila kugusa chochote, meli inakuja kuzamishwa na boti za jeshi la Waingereza, na wale wawili wanabaki watazamaji tu. Nilihisi nimedhulumiwa. Ila kadiri nilivyokaa nayo nikaona kitabu ndio kina ukweli, vita haimsubiri mtu afunge ndoa.

Halafu wadau, mto wanaoshuka unaitwa Ulanga. Ulanga uko Morogoro jamani na maji yake yanaishia Bahari ya Hindi, huku ziwani umefikaje 😂

MzeeWaGungu
Kijana umeanza vizuri, ila malizia. Kitabu wameizamisha, muvi wameizamisha, Liemba yenyewe hakuna boti iliyoizamisha. Ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwa makasha mpaka Dar, ikapanda reli mpaka hapa, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanazidiwa waliizamisha wenyewe, na kabla ya hapo mafundi wakazipaka injini grisi nene zisiliwe na kutu maana walikuwa na nia ya kurudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mimi nimeipanda hadi Mpulungu kule Zambia nimelala juu ya magunia ya dagaa. Hao wa Hollywood hiyo habari ya grisi wangeijua wangepata muvi nyingine.

MwishoWaReli
Shikamoo mzee. Hiyo ya grisi nimeitunza, leo kijiweni naingia nayo.

TichaWaIsevya (Tabora)
Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sita, nina kilio changu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi tunaisoma darasani, Amil Shivji akaifanya filamu 2021, na kazi nzuri kweli ikafika mpaka tamasha la Toronto. Shida ni wanafunzi, wanatafuta filamu kwenye simu, wanaangalia nusu, wanaingia nayo kwenye mtihani. Nimeuliza dhamira, mmoja kanijibu "mwandishi ametumia rangi nzuri na mwanga hafifu". Mwandishi gani huyo mwenye taa!

Lakini nisiilaumu filamu. Kitabu kinakupa Yasmin taratibu, binti wa miaka 15 kaozwa kwa Bwana Raza mtu mzima, unakaa naye kwenye upweke wake mpaka siku anayoondoka na wewe unafunga mzigo. Filamu haina nafasi ya hayo yote. Ila kwenye taarabu imekishinda kitabu, nasema wazi. Kwenye karatasi unaambiwa tu Mwajuma, rafiki yake Yasmin, anaimba, kwenye filamu yupo Siti Amina anaimba kweli, na nyumba ya Mwajuma inakuwa mahali ambapo ukifukuzwa na dunia nzima ungeenda. Siku hizi sionyeshi filamu mpaka darasa limemaliza kitabu, na wakiiona mabishano yanakuwa makali kuliko somo lenyewe.

MamaShani_Ujiji
Ticha pole 😂😂 mwenye taa nimecheka mpaka mtoto kaamka

KijanaWaKibirizi
Mi yangu The Godfather, ile ya mafia. Nimeiona banda umiza nikiwa mdogo, imetafsiriwa, jamaa anayetafsiri anaweka na vichekesho vyake kwahiyo nimekua najua Don Corleone ni mtu wa utani. Kitabu cha Mario Puzo nimekuja kukiokota kwenye vitabu vya mtumba Tabora nikisubiri treni, hakina gamba. Kuna Luca Brasi, kwenye muvi ni lile jitu linalokariri hotuba ya harusi kama mtoto wa chekechea, unamwonea hadi huruma. Kwenye kitabu unaambiwa alichomfanyia mtoto wake mchanga, sitaki kukiandika hapa, nilifunga kitabu nikatoka kupunga upepo. Kumbe ndio maana wote walikuwa wanamwogopa! Muvi haikusema, ikaacha uogope bila sababu.

Ila yule mwimbaji Johnny Fontane kwenye kitabu kajaziwa kurasa hadi zinachosha, Coppola aliyeiongoza muvi alivyompunguza alitusaidia sana.

MamaShani_Ujiji
Mimi wala sibishani, naangalia muvi kwanza makusudi. Nikisoma kwanza naona waigizaji wote wamekosewa, yule mrefu mno yule mnene, namharibia na mume wangu. Nikiangalia kwanza kitabu kinanipa ziada na roho inatulia. Ninachotaka ni Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, mtu mwenye hela atutengenezee, na steringi asiwe wa kujichekesha.

MnyamweziAsilia
Willy Gamba asafiri kwa treni usiku Tabora kwenda Kigoma, adui yuko behewa la pili. Nalipia kiingilio leo leo.

TichaWaIsevya
Kwa kitabu au kwa muvi?

MnyamweziAsilia
Ticha usinitege. Mwenye ile African Queen aseme bei ya kukodi kwanza, Tabora huku nani anayo?

MwishoWaReli
Sikodishi, naazimisha. Ila aliyechukua mwaka jana bado anacho na humu yumo, anajijua.